Akiba ya Mshono

Miaka miwili tepu ya ufundi ililala shingoni mwangu
kama nyoka wa kufugwa.
Mchana, pale Kenyatta Market, niliipimia wateja:
kifua, kiuno, nyonga, bega hadi goti.
Usiku iligeuka, ikanipima mimi.
Niliizungusha kwenye kifundo cha mkono,
nikaandika tarakimu katika daftari la madeni,
ukurasa wa mwisho, ambako mdaiwa ni mmoja.

Moshi wa nyama choma ulipita katikati ya nguo
nami nikakanyaga cherehani kwa nguvu
ili tumbo lisisikike.
Kwamboka, msusi wa kibanda cha pili,
aliniletea chapati ndani ya gazeti.
Nilishukuru. Nilimpa mbwa wa soko.
Mbwa akanenepa, akanizoea,
akawa mtunza siri wangu.

Na wateja: “Fundi, umependeza! Unatumia nini?”
Sikujua kwamba njaa hupigiwa makofi.

Sikuanguka hadharani.
Nilikuwa natunga uzi,
tundu la sindano likawa mawili, likawa matatu.
Kwamboka hakuuliza kitu. Aliacha vichwa viwili
vimesukwa nusu, akanishika mkono hadi kliniki.
Daktari Nkirote hakusema “si ule tu,” kama shangazi zangu.
Alisema: chakula kwanza, kwa saa, hata usipotaka.
Mwili ukikuamini tena, tutaongea kuhusu mengine.

Ilichukua muda. Sitasema mwingi au mchache,
nimeacha kupima.

Paa la ghorofa letu, Kawangware,
lina matangi meusi, kamba za nguo,
na jioni lina watoto.
Nilipanda kuanua shuka, wakanikuta nimesimama.
“Anti, shika upande huu,” akasema Nafuna, mwenye mapengo.
Nikashika. Wiki tatu nilikuwa mlingoti wao.
Kisha Nafuna akanichoka. “Ingia!”

Nikaingia.
Kamba ikanichapa kisigino. Nikaingia tena.
Saruji ikaitika: du.
Ndiye mimi huyo,
uzito wangu ukiongea na nyumba nzima.
Mpangaji wa chini akagonga dari kwa ufagio
na kwa mara ya kwanza
sikuomba radhi kwa kuwepo.

Mimi niliyehesabu punje za githeri
nilihesabiwa na watoto: kumi na moja, kumi na mbili,
ishirini na tisa!
Nafuna huruka tarakimu akitaka mtu ashinde.
Hesabu ya uongo, na tamu.
Nikashuka ngazi nikitweta, nina njaa,
njaa ya kawaida, isiyo na kesi.
Nikala ugali na sukuma wiki nikiwa bado na viatu.

Si kila siku.
Ugonjwa huu hurudi kama mwenye nyumba, mkono mbele.
Agosti, baridi kali, nilimlipa siku nne.
Ya tano nikampigia daktari.
Ya sita Kwamboka akaketi nami,
akala chapati yake polepole,
akinitazama bila kunitazama.
Mbwa alisubiri. Siku hiyo hakupata kitu.

Leo nimelitoa gauni la kitenge nililojishonea zamani,
kisha nikalipunguza, nikalipunguza tena,
mshono juu ya mshono.
Nafumua.
Fundi wa kweli hakati, hukunja ndani,
na hata usiku ule mbaya kuliko yote
mikono hii haikukata.
Kitambaa kiko pale chote. Akiba haiozi.
Nje kimepauka kwa jua,
ndani kimebaki manjano yake ya kwanza,
kwa hiyo nitatembea na mistari miwili mbavuni,
waone nilipojificha.

Juu ya dari, du, du, du.
Wameanza bila mimi.
Nabana pini mdomoni, namalizia upindo.