Nyongeza

Saa kumi na moja alfajiri, Kayole bado giza,
Mutinda anashusha mitungi: lita sitini za Limuru.
Naosha bomba, namimina, nabonyeza.
Mashine inakohoa, namba nyekundu zinawaka.

Ya kumi. Ya ishirini. Ya kumi tena.
Mtoto wa Nekesa ana chupa ya soda na shilingi saba.
Mashine haijui saba.
Haijui "nitaleta jioni",
wala lile tone la juu ambalo mama,
akiuza kwa kikombe, hakulisahau.

Saa nane stima inapotea.
Lita kumi na moja ndani, na jua ndilo hili.
Nafungua kifuniko, natafuta kikombe.
Nekesa! Leta sufuria.

Leo napima kwa mkono,
na mkono wangu hukosea
upande wa mteja.