Ngozi ya Nani

Dada Tima, kopo lako limefika Mkomani
ndani ya mkoba wa mtu asiyejua amebeba nini,
limeviringishwa kanga kuukuu, na karatasi yako:
kijiko kimoja kila siku, kwa ajili ya magoti.
Chai, uji, chochote. Hauna ladha.

Hauna ladha! Kama humjui mama,
anayeonja maji ya kisima
akakwambia nani aliteka mwisho.

Siku ya kwanza niliumwaga mkavu juu ya chai inayofoka,
ukaganda mafundomafundo,
sima iliyosongwa na bwana harusi.
Nikajifunza: maji baridi kwanza, vidole viwili vya bilauri,
ukoroge mpaka ukubali,
ndipo tangawizi ifuate, polepole.
Haukuonekana hata kidogo.
Mama akanywa nusu, akaiweka chini:
"Mwanangu, iwe na chai hii muna siri."

Kahawa chungu ikafanya povu.
Akauliza kama buni siku hizi huoshwa kwa sabuni.

Uji wa mchele ulipita, kwa sababu ya tui.
Mtindi ulipita, kwa sababu ya iliki na sukari nisiyokutajia kiasi.
Lakini bungo, dada! Bungo halina mpinzani.
Ukali ule ungeficha hata deni.
Nikatia vijiko viwili, akaomba bilauri ya pili.

Nikalewa ushindi. Ijumaa nikaukoroga kwenye mkate wa sinia,
mchele uliosagwa, hamira, tui zito;
ukaumuka kama kawaida, ukaiva rangi ya shaba.
Bi Somoe wa daka la pili alikuja kuazima kinu,
akala vipande vitatu
akarudi kwake na magoti yako ya pesa nyingi,
na kinu akakisahau.

Yaliyofuata si kosa langu.
Mama alikuwa akipangusa zidaka
akakuta kopo nyuma ya sahani za bibi.
Akamwita Shufaa amsomee.
Mtoto akasoma kama anavyosomeshwa, kwa sauti, bila huruma:
unga huu umetokana na ngozi.

Hakuuliza ngozi ya nini.
Aliuliza, "Ngozi ya nani?"

Maana uani, chini ya ngazi zile kumi na saba,
yupo Kirembo, miaka ishirini sasa,
aliyebeba mawe ya ukuta huu,
aliyebeba kasha lako siku ulipoolewa.
Na mama amesikia, redioni au barazani,
kwamba kuna watu hununua punda
wasiotaka wabebe kitu.

Nikasema ni ng'ombe. Akasema, "Umemuona?"
Maandishi yale madogo kama mayai ya chawa,
na picha ni mwanamke anacheka,
amekatwa kiunoni. Magoti hayamo.

Kesho yake akanituma buchani.
Makongoro manne. Yalitokota toka isha hadi adhana ya alfajiri,
ndimu, pilipili manga, chumvi ya mawe,
na supu iliyobaki ikalala ikaamka imeganda,
ukigusa sahani inatetemeka.
"Huyu namjua," mama akasema, akichovya mkate.
"Ni wa Bwana Shee, mwenye pembe moja. Alikuwa mkorofi."
Akala kwa amani.

Nilidhani yameisha hapo.
Kopo nikalirudisha nyuma ya sahani, likae likungoje.
Ila tangu Jumanne naona linapungua
na mimi silitumii, na Shufaa ameapa.

Leo alfajiri nikasikia sauti uani.
Nikachungulia. Mama ameshuka ngazi zote peke yake,
mkono mmoja ukutani, mwingine na bakuli la pumba,
na juu ya pumba, weupe ule.
Kirembo amevimba magoti ya mbele, unakumbuka.
"Maondo yako mabaya kuliko yangu," anamwambia. "Kula.
Nimempigia Tima. Nimeuliza. Si wenu."

Dada, hukuniambia kama alikupigia.
Ulimjibu haraka, au ulikwenda kwanza
ukatafuta miwani?