Risiti Chini ya Kopo la Sukari

Swali la kumi na tisa:
Je, unaishi na mtu kama mume na mke?
Kama.
Miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kutuuliza
habari za hilo "kama".

Nje ni Julai ya mji wa Gore, sakitu imeng'ata vioo;
huku kusini mwa dunia Julai ndiyo baridi yenyewe.
Binti wa dirishani, Philippa kwa kitambulisho cha kifuani,
ana subira ya muuguzi anayetafuta mshipa.
"Mnalala chumba kimoja?"
Kimoja, ila kwa zamu. Noeline huendesha lori la maziwa usiku,
huzunguka zizi kwa zizi hadi Tapanui,
nami huamka alfajiri nikamwachia upande wenye joto.
"Mnakula pamoja?"
Chungu ni kimoja. Akirudi, kwake ni chakula cha usiku,
kwangu ni kifungua kinywa.
"Ukiugua, nani hukuuguza?"
Hapo nikanyamaza.

Miaka ishirini na miwili nilitenga nyama na mfupa
kwenye kichinjio cha kondoo, ng'ambo ya mto,
mpaka walipofunga geti.
Najua kisu kinapopita bila kukwaruza.
Swali hili sikuliona kiungo.

Noeline alikuwa ameshanipanga:
"Sema mimi mwenye nyumba, wewe mpangaji.
Duncan kasema hivyohivyo na hela yake inaingia.
Kibanda cha nyuma kina godoro. Tutatundika koti lako humo."
Na kweli tulilitundika. Jumapili nzima tuliigiza:
nikabisha hodi mlango wa jikoni mwangu mwenyewe,
akanikaribisha, "Pita, Bwana Colquhoun,"
tukacheka hadi chai ikatupalia.
Kisha hatukucheka.

Kalamu ya ofisini ilifungwa kwa mnyororo.
Kisanduku cha "hapana" kilikuwa cheupe, safi, kina hela ndani.
Nikatia alama kwenye "ndiyo".

Sijawahi kumwambia Noeline kwamba nampenda.
Kwetu mtu hasemi; mtu hurekebisha bomba.
Basi serikali ndiyo iliyoambiwa kwanza,
na kwa wino wake.

Philippa akapiga hesabu. Akaweka mshahara wa Noeline juu,
mimi chini yake, akatoa, akatoa tena,
akanigeuzia kioo cha kompyuta, kwa adabu, nijionee:
sifuri, nukta, sifuri, sifuri.
Zikanitolea macho.
"Pole," akasema, na nadhani alimaanisha.

Sasa kila Alhamisi pana noti ya ishirini
chini ya kopo la sukari. Hanipi mkononi; anajua.
Nanunua mkate, wembe, nusu kilo ya soseji,
narudisha chenji palepale na risiti juu yake,
nimeinyoosha kwa kiganja,
sarafu nimezipanga kwa ukubwa.
Wiki nne hakusema kitu.
Wiki ya tano akaniamsha, buti bado mguuni,
ananuka dizeli na maziwa, risiti zote ngumini:
"Mimi ni ofisi, Alistair? Mimi ni dirisha?
Nina kitambulisho kifuani?"
Akazisukumiza kwenye jiko la kuni.
Karatasi zile nyepesi; hazikuchukua hata dakika.

Nikasogea, nikamwachia upande wangu.
Hakuvua soksi. Akalala akinipa mgongo,
kisigino chake, baridi kama chuma cha lori,
akakiegemeza kwenye goti langu bovu, akakiacha hapo.

Kulipopambazuka nikaenda kibandani kulitoa lile koti.
Lilikuwa limeganda kwa baridi, mikono imekakamaa,
limesimama peke yake msumarini
kama mpangaji aliyeambiwa ahame
na hajui aanzie wapi.