Kanuni ya Mwisho

Mashine niliiokota posta ilipofungwa,
sanduku la chuma, feni moja inayokohoa,
nikaishusha ghala la chini, kati ya viazi vya Vaike
na chupa za matango ya siki, kila moja na mwaka wake.
Nikaipa mfumo wa bure, ule usio na picha wala madoido:
skrini nyeusi, maandishi meupe,
na kurasa za mwongozo zilizoandikwa na watu wasionijua
ambao hata hivyo walijua kuna usiku nitakwama.

Jengo lina nyumba ishirini. Mji ni Valga,
mpakani kabisa: ukivuka barabara kununua mkate
umeshatoka Estonia.
Waya mmoja waingia kutoka mtaani,
nyaya ishirini zapanda ngazi,
katikati yuko bubu huyu, hapepesi macho.

Faili la kanuni huanza na neno moja: zuia.
Zuia yote. Mgeni na mwenyeji, heri na shari.
Kisha, mstari kwa mstari, unalegeza:
mruhusu Vaike na wajukuu wake,
mruhusu mtoto wa Tormi anayepigana vita hadi alfajiri,
ruhusu barua za jengo, maana seva ni hii hii.
Usiku huja wabisha hodi. Nawaona kwenye kumbukumbu,
hodi elfu tatu kutoka nisikokujua,
wakibahatisha majina: mkuu, mgeni, mgeni1, jaribio.
Hakuna anayesema karibu.

Heino wa namba kumi na nne hakulipa.
Miezi mitano, euro nne kwa mwezi.
Nilipomkumbusha ngazini alisema
halipii takataka za posta.
Nikashuka. Sikupiga kelele. Niliandika:
zuia kumi na nne.
Nikapakia kanuni upya, sekunde haikuisha.
Sijawahi kufunga mlango kwa upole kiasi kile,
na nikiri, jioni ile nilikula kwa hamu.

Siku tisa.
Baridi ikashuka nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Saa tano usiku ikaingia barua kwenye sanduku la jengo,
kutoka Tampere, imetiwa saini Urve:
"Simu ya baba haiiti. Kuna anayeweza kumgongea?"

Simu.
Nikaushika waya wake ukutani, nikaufuata kwa kidole,
na nilijua kabla sijafika mwisho.
Kampuni iling'oa nyaya za shaba miaka miwili iliyopita;
tangu hapo sauti ya Heino hupita kwangu,
imekatwakatwa kama kitunguu.
Mimi nilidhani nimemnyima magazeti.

Alifungua akiwa na koti na kofia, nyonga imefungwa,
ameegemea fimbo moja ya kutelezea thelujini.
Hakulaumu. Aliuliza tu
kama na kwangu simu zimekufa.
Nikasema ndiyo.
Uongo wa herufi tano.

Chini, vidole vikiwa vigumu, sikuufuta ule mstari.
Mfumo huu husoma kanuni toka juu hadi chini,
na kinyume cha mama yangu, Mungu amrehemu,
neno la kwanza kwake si sheria:
kanuni ya mwisho inayokugusa ndiyo inayoshinda.
Nikaandika chini yake: ruhusu kumi na nne.
Na pembeni, pale ambapo mashine haisomi,
nikamwachia atakayerithi ghala hili:
"Simu hupita hapa. Uliza kwanza."

Nikakaa kutazama vifurushi.
Hakuna kitu. Feni ikakohoa.
Kisha kimoja. Viwili. Halafu mvua,
Tampere kwenda kumi na nne, kumi na nne kwenda Tampere,
na kupitia bomba la maji moto
nikasikia kengele, ghorofa tatu juu,
ikaita mara moja tu.

Ile zuia ipo bado, mstari wa thelathini na moja.
Na Heino bado anadaiwa euro ishirini.