Mgeni Asiyetaka Pilau

Miche mitatu niliinunua Barka,
riali nne mmoja, na muuzaji akaapa
kwamba hii ni grevilea, wallahi, si kitu kingine.
Nikaifunga mkanda kiti cha nyuma
kama watoto wa chekechea
mpaka nyumbani Mabela.

Thurayya ndiye aliyenitia hamu.
Alikwenda Perth kusomea maji ya ardhini,
akaolewa huko huko.
Siku moja akaleta picha: ua jekundu,
nyuzi zimejikunja kama kucha za paka anayeota.
"Baba, huku yako kila ukuta. Panda na wewe,
tuwe tunatazama kitu kimoja."

Nikapanda.
Na mimi mtu wa Wete,
niliyelelewa kwamba mgeni halali na njaa,
mche wa kwanza niliukirimu kwa ninavyojua:
samadi ya mbuzi ndoo mbili,
na dagaa wakavu, wale tunaowapa mitende,
viganja vitatu shinani.
Wiki ya pili majani yakapiga manjano.
Nikasema, njaa hiyo. Nikaongeza.
Wiki ya nne nilikuwa nimeshika kijiti.

Wa pili niliunyima dagaa,
lakini maji nikaumwagia asubuhi na jioni,
katika udongo wetu huu, chokaa tupu.
Nilipoung'oa,
mizizi ilinuka kama mtungi uliosahauliwa.

Nikapiga simu. Kwake ilikuwa saa sita usiku.
"Umeilisha, Baba?"
Nimeilisha.
Akacheka, kisha akanyamaza kidogo.
"Kwao ardhi ni maskini tangu enzi na enzi.
Imezoea kuokota chembe chembe.
Ukiipakulia sinia, itakula mpaka ife.
Iache."

Neno hilo halikuwa geni.
Nililisikia uwanja wa ndege,
nikisukuma kilo ya nne ya halua
ndani ya sanduku lililokwisha kufungwa.

Basi wa tatu nikaupeleka nyuma ya nyumba,
pale kiyoyozi kinapodondosha.
Nikainua tuta la kokoto za wadi na mchanga,
nikauweka juu, nikageuka nikaenda zangu.
Shofiqul, anayenisaidia bustani,
alinitazama kama mtu aliyeona
mzee akitelekeza mtoto msikitini.
Jirani yake nikaupa kalistemoni,
wenye maua ya brashi za kusugulia chupa,
na eremofila wa majani ya majivu,
ambaye, huyo, hana neno na mtu:
chokaa anatafuna, jua anakunywa.

Juni ikaja na nyuzi arubaini na nane.
Ukuta ukawa tanuri.
Kiyoyozi kikakesha: tone, tone,
maji yasiyo na chumvi hata chembe,
yaliyokuwa pumzi yangu na ya Rayya
tulipolala ndani tukikoroma.
Hayo tu ndiyo uliyokunywa.
Mara mbili nilitoka usiku na kopo mkononi.
Mara mbili nikarudi nalo limejaa.
Rayya akauliza, unatafuta nini gizani?
Nikasema, natafuta kufunga mikono.

Februari, Ijumaa, kabla sijavaa kanzu,
nikaona wekundu pembeni mwa jicho.
Kishada kimoja. Kucha zile za paka.
Na chozi juu yake,
ndege, nasema, yule mweusi anayemeta zambarau,
mdomo umepinda kama ua lilivyopinda,
wa hapa na wa huko,
utadhani walichezea uwanja mmoja.

Picha ilitoka na ukungu; vidole vyangu hivi.
Nikaandika chini yake: Chozi, Thurayya! La kwanza!
Kwa haraka nikakosea, ilikuwa niseme wa kwanza.

Jibu likaja upesi:
"Baba, mbona unalia?"

Kiswahili chake kimeanza kutu,
au changu.
Nikaanza kumweleza. Nikafuta.
Nikaanza tena.
Ndege bado alikuwa kichwa chini, anakunywa,
na kanzu ilikuwa inaningoja, na adhana.
Nikaiweka simu mfukoni
bila kumsogelea.