Masikio Manne

Siku Sethuraman alipoletwa kwetu kunitazama,
na shangazi wawili na kilo moja ya zabibu,
shangazi mmoja aliniomba niimbe kidogo, kama ilivyo ada.
Nikasema: sijui kuimba. Najua kusikiliza.
Baba akakohoa. Shangazi akazitazama zabibu.
Naye, ambaye hakuwa ameinua uso tangu aketi,
akasema, basi tutakuwa wawili.

Hatuna ala nyumbani, hata filimbi ya mtoto.
Tuna skuta, na mto mmoja wa kukalia kwa zamu,
kwa sababu viti vya roshani pale Mylapore ni vya chuma,
na Desemba ya Chennai ina tamasha kila jioni
kwa wasio na haya.
Sisi hatuna haya.

Mimi ni mtu wa sauti.
Mwimbaji akifumba macho, akaanza kuutafuta wimbo
kama apapasaye ufunguo chini ya pochi,
mimi huwa sipo.
Sethu huhesabu.
Kofi pajani, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati.
Kofi, kiganja juu. Kofi, kiganja juu.
Nane, na tena nane.
Mwaka wa kwanza nilimwambia:
unasikiliza kama karani wa benki.
Akasema: mimi ni karani wa benki.

Zamu ya mpiga ngoma ikifika
nusu ya ukumbi huinuka kwenda kantini,
nami nilikuwa wa nusu hiyo.
Miaka kumi na mmoja nilikunywa kahawa kwenye kikombe cha chuma
huku mume wangu amebaki juu na mto.
Dosa ya pale, nisiseme uongo, ilikuwa tamu.

Hata usiku ule umeme ulipokatika.
Feni zikajikokota, zikakoma. Vipaza sauti vikafa.
Nilikuwa nimekwisha simama,
sioni ngazi, sioni mlango, sioni mkono wangu mwenyewe.
Nikaketi.
Na kule chini mzee wa mridangamu hakuacha.
Uso wa kulia ukasema neno,
wa kushoto ukalirudia kwa besi, ukalipunguza,
mpaka likabaki shimo tu mahali pa neno,
na shimo lile nalo lilikuwa na kipimo chake.
Ndipo nikasikia mapaja.
Watu mia tatu wasioonana, wanahesabu gizani,
wanakutana kwenye moja.
Sethu hajawahi kunigusa mbele za watu.
Akauchukua mkono wangu, akaufundisha:
kofi, cha mwisho, cha pete.
Taa ziliporudi akaurudisha kama risiti.

Siku hizi naendesha mimi.
Kifaa sikioni mwake hupiga mluzi kikichoka,
na sauti, asema, humfikia kama jirani nyuma ya ukuta;
ngoma bado huingia kwa miguu ya kiti.
Kwenye taa nyekundu ya Luz ananigonga bega:
pale mwisho, kabla hajashuka, alifanya nini?
Nainua kofia ya skuta, nageuza shingo,
namwimbia kwenye sikio lililobaki,
vibaya, nusu noti chini,
basi la wafanyakazi wa kiwandani likitutazama lote.
Nyuma yetu honi.
Kijani, nasema.
Endelea, anasema, na kidole chake cha pete
kimeshafika begani kwangu.