Birika la Saa Kumi na Mbili

Miaka ishirini na miwili nimesoma mita za mji huu,
kwa tochi, kwa magoti, kwa pua iliyokwisha kuzoea.
Hapa Silesia baridi haitangulii na theluji,
hutangulia na harufu: unaanua shati kambani
linanuka kama reli.

Watu humwambia msoma mita mambo
kama wamwambiavyo kinyozi, bila kuulizwa.
Bwana Zenon wa ghorofa ya pili anashikilia
kwamba mita mpya zinatoa mawimbi, mawimbi yanaua nyuki,
ndiyo maana asali imefika zloti hamsini.
Ananieleza haya akiwasha sigara ya tatu.
Mkewe, kutoka jikoni: asali imepanda kwa kuwa kila kitu kimepanda,
siagi siku hizi wanaifungia kabatini dukani kama risasi,
na nyuki gani, Zenon, nyuki gani
aliyewahi kuukaribia mtaa huu?

Mwalimu Halszka ana kipima hewa dirishani.
Leo kitaa chake kilikuwa zambarau.
"Zambarau maana yake tusipumue."
Tusipumue mpaka saa ngapi, nikamuuliza.
Akacheka, akakohoa, akaenda kulifunga dirisha
ambalo lilikuwa limefungwa.

Mimi sina maoni. Nina namba.
Namba zimeniambia nani kanunua friza,
nani kakimbiwa na mke, nani ameacha
kukipasha joto chumba cha mtoto.
Nimezibeba kimya, kama daktari, ila kwa mshahara mwingine.

Bi Truda, nyumba ya kumi na saba, ni mjane wa mgodi.
Alojz alimwachia medali, kofia ya sherehe yenye manyoya,
na kikohozi ambacho ukuta bado unakikumbuka.
Mwaka juzi walikuja na ruzuku, wakang'oa jiko la makaa ya mawe,
wakaweka uani sanduku jeupe
linalovuma kama mtu anayejizuia kusema.
"Joto lisilo na moto," anasema,
"ni mgeni asiyevua koti."
Bili ikija huiweka chini ya sanamu ya Mama Maria.
Naye haisomi.

Alinipa karatasi ya kampuni nimsomee, herufi zilikuwa ndogo.
Nikaona mstari umelala usiku kucha,
halafu, saa kumi na mbili kamili, umeruka juu,
dakika chache, ukashuka.
Kila siku. Krismasi. Siku ya mazishi ya dada yake.
Lita mbili za maji, Bi Truda, na wewe mmoja?

"Achim yuko Stavanger. Mstari huo anao kwenye simu.
Ukipanda, anajua mama kaamka, anapanda basi lake."
Na chai?
"Chai siipendi. Kahawa daktari kakataza.
Nachemsha tu. Nikimaliza namwaga."

Nikapiga hesabu, mazoea ni mabaya:
groshi ishirini kwa asubuhi, zloti sabini na tatu kwa mwaka.
Chupa moja na nusu ya asali ya Zenon
kwa mwana kujua kwamba ana mama.
Sikujua niseme ni ghali au rahisi.
Mpaka leo sijui.

Mwezi wa tatu kazi yangu iliisha; namba sasa husafiri zenyewe.
Siku ya mwisho nilibisha kwake kabla hakujakucha,
bila tochi, bila daftari, na mkate mikononi.
Akaniachia nibonyeze swichi.
Tukanywa yale maji matupu, yana ladha ya chokaa,
huku nje lile sanduku likiendelea kujizuia.

"Umeona?" akasema. "Hakijui kidole ni cha nani."
Akanitazama kwa muda, macho makavu.
"Ukipita siku moja ukanikuta sijaamka,
birika usiliguse."